Papa Wemba Alipopanda Ufipa

Mwanzoni mwa miaka ya tisini hatukuwa na televisheni ya kuwasha nyumbani. Tanzania Bara nzima ilisubiri hadi 1994. Sumbawanga tulikuwa na banda la video pale Majengo: mabati, mabenchi, na jenereta iliyonguruma nje hata nusu ya maneno ya filamu yakapotea. Hasara ilikuwa ndogo. Siku nyingi zilikuwa za kareti na za Kihindi, na steringi tulimjua kabla hajafungua mdomo.

Mkanda wa La Vie est belle ulitoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wafanyabiashara wa Zaire walishukia Kasanga na vitenge vyao, wakapanda malori kupitia Matai hadi mjini. Mmoja wao ndiye aliyekuja nao, na kwa kuwa filamu inazungumzwa Kifaransa, yeye huyo akasimama kando ya televisheni na fimbo, akitufasiria kwa Kiswahili cha kwao. Tulimwita Mzaire, jina lake hatukuliuliza.

Filamu hiyo ya 1987 waliiongoza Ngangura Mweze na Mbelgiji Benoît Lamy. Kourou, mtu wa kijijini, anakwenda Kinshasa kutafuta muziki wa magitaa ya umeme, anaishia kuwa boi nyumbani kwa tajiri. Wote wawili wanampenda msichana mmoja, Kabibi. Tajiri ana tatizo la kiume, na mganga amemwagiza aoe bikira na asimguse kwa siku 30. Hapo banda lilivunjika mbavu. Sisi ambao nchi nzima hututania kwa uchawi, hatimaye tulipata mganga wa kumcheka wa watu wengine.

Kisa chenyewe, nikikipima leo, ni chepesi. Angekuwa Kourou mtu mwingine, wengi wangedai kiingilio chao. Lakini alikuwa Papa Wemba, ambaye sauti yake ile nyembamba, ya juu, tuliijua kwa redio na kaseti tu, bila kumwona akisogeza hata bega. Mwaka 1969 aliingia bendi ya Zaiko Langa Langa. 1977 akaanzisha yake, Viva La Musica, na uwanja wa kwao pale Matonge, Kinshasa, akaugeuza kijiji, Molokai, yeye mwenyewe chifu. Boi gani huyo? Alibeba vitu vya bosi kwa mwendo wa mtu aliyezoea kupishwa njia. Tajiri alipomkaripia, mzee mmoja wa benchi la mbele aliinuka: "Hujui unamtuma nani, wewe!" Banda zima likapokea.

Utamu ulikuwa hapo, katika kujua jambo ambalo ndani ya filamu hakuna aliyelijua. Miaka mingi baadaye niliona ujanja huohuo katika filamu za zamani zaidi. Katika Wedad ya 1936, Umm Kulthum, ambaye Misri yote ilikuwa ikimsikiliza, aliigiza mjakazi. Al Jolson, mtoto wa mwimbaji wa sinagogi, aliigiza mtoto wa mwimbaji wa sinagogi katika The Jazz Singer ya 1927, na asipoimba unamwona kabisa anasubiri zamu yake. Jukwaa halimtoki mtu. Watengenezaji werevu humshusha mwimbaji hadi jikoni ili wapate pa kumpandishia, na hawahangaiki sana na kilichobaki.

Wemba alipoimba, Mzaire alishusha fimbo akanyamaza. Hakuna aliyemdai tafsiri. Wimbo ukiisha, kelele: "Bwana, rudisha mkanda!" Mwenye banda alilalamikia petroli, akarudisha.

Wiki zilizofuata mafundi cherehani walipata kazi ya suruali pana za kama zile za kwenye majalada ya kaseti. Ilikuwa Juni, upepo wa Ufipa unakata masikio, na vijana wa Chanji wakaacha makoti nyumbani ili mashati yaonekane. Bibi mmoja jirani yetu aliwatazama wakipita wanatetemeka, akauliza kama huko kwa huyo Wemba hawana ng'ombe wa kuamkia asubuhi.