Mkono Ulioandika Ukuta

Umri wa duka Mpanda unausoma kwenye bango lake. Likiwa na anwani inayoishia "Mpanda, Rukwa", lilichorwa kabla ya mwaka 2012, Katavi haijawa mkoa. Likiwa na namba ya simu inayoanza na 0744 au 0741, ni la zamani zaidi, kwa sababu namba hizo ziligeuzwa kuwa 0754 na 0713 katikati ya miaka ya 2000. Rangi imepauka, duka limebadilisha wenyewe, lakini namba bado ipo ukutani.

Nayapenda mabango haya. Huyasoma kila nipitapo, kuanzia mitaa ya Mpanda mjini hadi huku Kasekese, wilaya ya Tanganyika, ambako mabango ni machache na kwa hiyo kila moja unalijua.

Kinachonishika zaidi ni mkono wa fundi. Kuna ukuta wa mashine ya unga ulioandikwa kwa rangi ya mafuta, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi: MASHINE YA KUSAGA NA KUKOBOA. Ukisogea karibu unaona mistari ya penseli aliyoipiga fundi ili herufi zisipande wala kushuka. Ile M ya kwanza imekaa kwa raha, pana, miguu imetanuliwa. Kadiri ukuta unavyokwisha herufi zinabanana, na BOA ya mwisho imesimama wima kama abiria wa mlangoni mwa daladala. Pembeni kuna gunia lililochorwa, limejaa, limeshonwa mdomo, na kila mshono wa kamba umepigwa kwa brashi nyembamba. Hakuna aliyelipia ile mishono. Fundi aliiweka kwa kuwa gunia la kweli lina mishono.

Nilimwendea mwenye mashine.

"Shikamoo mzee. Ukuta huu aliuandika nani?"

"Marahaba mwanangu. Kijana mmoja tu, alipita na baiskeli na makopo yake ya rangi."

Anakumbuka kwamba alimlipa nusu kwa fedha na nusu kwa mahindi. Anakumbuka kuwa mvua zilichelewa mwaka ule. Jina halikumbuki. Wala hakusema kwa dharau. Mzee yule anaupenda ukuta wake na amekataa mara nyingi kuupaka upya. Ndivyo tulivyozoea tu. Tunakalia vigoda vya mninga, tunatwanga kwenye vinu, tunarina asali kwenye mizinga iliyochongwa kwa mkono, na ni nadra mtu kuuliza ni mkono wa nani.

Mazoea haya yana gharama, na mfano wake mkubwa uko jirani kabisa. Karema, katika wilaya hii hii, Wabelgiji wa Mfalme Leopold II walianzisha kituo mwaka 1879. Ofisa wao Émile Storms alikuja kukiongoza mwaka 1882, na mwaka uliofuata akavuka Ziwa Tanganyika kufungua kituo kingine huko Mpala. Desemba 1884 watu wake walimvamia Lusinga, mtawala wa Watabwa ng'ambo ile, wakamuua na kumkata kichwa. Sanamu yake ya mbao ikachukuliwa. Leo imo katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels, na wataalamu wa sanaa ya Afrika duniani kote wanaijua. Aliyeichukua tunamjua kwa jina na cheo. Aliyechongwa tunamjua. Yule aliyekaa chini na tezo, akaitoa sura ile kwenye gogo, jina lake halikuandikwa. Kwangu mimi huo ni wizi wa pili juu ya ule wa kwanza, na ndio uliofanyika kimya zaidi.

Lakini si kila mahali mkono unasahaulika. Marekani wapo watu wanaozunguka mitaa ya zamani wakitafuta vinyago vya tiki, vile vilivyosimamishwa kwenye mabaa na hoteli tangu miaka ya 1930 kwa kuiga sanamu za visiwa vya Pasifiki, pamoja na mabango ya taa ya enzi hizo. Huvipiga picha kabla jengo halijabomolewa. Wamefika mahali pa kuutambua mkono: hiki ni cha Barney West wa Sausalito, kile ni cha mwingine. Ni vinyago vya baa, lakini wachongaji wake wana majina.

Hapa kwetu tunaye aliyeonyesha njia. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa vitu rahisi: ubao wa dari na rangi ya kung'aa inayopakwa baiskeli. Alikuwa anaandika jina lake kwenye picha. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine, akiwa amechora kwa miaka michache tu. Hata hivyo jina lile la pembeni ya ubao limekuwa jina la mtindo mzima, na wanafunzi wa wanafunzi wake wanakula kwa jina hilo hadi leo. Rangi yake na ya fundi wetu aliyepita na baiskeli ni ndugu. Sioni sababu ya mmoja kujulikana na mwingine kupotea.

Na muda si mrefu. Kuta zinapakwa rangi za kampuni za simu na za soda. Jina la duka linabaki dogo chini ya nembo. Bango la plastiki linachapwa mjini kwa saa moja na kufungwa kwa misumari minne. Simlaumu mwenye duka, maana rangi ya bure ni rangi, na biashara ya kijijini haina faida ya kuchezea.

Ila nakuomba, wewe mwenye duka, kinyozi, mwenye mashine: kabla ukuta haujafunikwa, upige picha kwa simu yako, na uwaulize majirani aliuandika nani wakati wanaomkumbuka wapo. Na ukimwita fundi wa bango jipya, mwambie aandike kwenye kona ya chini jina lake na mwaka. Nafasi hiyo ipo kwenye kila ukuta.