Mbwa wa Shamba

Sheria yetu imeruhusu mbwa wa kulinda shamba na mifugo, nami ninaye mmoja. Siku moja nilimfunga mnazini asubuhi, nikaenda zangu mjini. Niliporudi alasiri, kivuli kilikuwa kimekwisha mhama, bakuli la maji limepinduka, naye amejizonga kamba, ulimi nje. Nikakumbuka Hadithi mbili za Mtume (S.A.W.): ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila ya chakula, na ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Niliona haya.

Sasa baada ya Alfajiri humtembeza kwanza, kisha humwachia kivuli cha kutwa, maji katika chungu kizito na mfupa wa kuguguna. Mate yake huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Dhulma je, utaiosha kwa nini?