Kizio Nilichokificha

Kosa ni langu. Nilipounganisha labo na wodi ya watoto katika hospitali moja ya Masisi, niliondoa kizio kwenye majibu ya damu. Nikaacha tarakimu peke yake. Hakuna aliyeniagiza, na hakuna niliyemuuliza.

Nieleze ilivyokuwa, maana anayefanya kazi kama yangu anaweza kuliona jambo hili dogo kama nilivyoliona mimi. Zamani jibu la labo lilitembea kwa miguu, likaloa mvua uani, pengine likasahaulika mfukoni mwa ndugu wa mgonjwa. Tulipopata kompyuta na umeme wa jua wa kuziendesha, nilipewa kazi ya kulifanya jibu lifike wodini lenyewe. Nilifuata HL7, kanuni ya kutumiana taarifa za wagonjwa iliyoanza mwaka 1987. Humo kila jibu lina mstari uitwao OBX: nafasi ya 5 ni tarakimu, nafasi ya 6 ni kizio. Labo walikuwa wakizijaza zote mbili. Lakini skrini ya tableti ya wodini ilikuwa ndogo, majina ya vipimo marefu, wauguzi wakilalamika kuwa safu zinabanana, nami nikafikiri kizio ni kitu ambacho kila mganga anacho kichwani. Nikaificha nafasi ya 6.

Jioni moja aliletwa mtoto kutoka Muheto, malaria kali, amelegea mwili mzima. Labo wakapima sukari: 2.1. Mashine yao hupima kwa milimoli kwa lita, na kwa kizio hicho, mtoto mwenye malaria kali akishuka chini ya 2.2 anahitaji glukozi papo hapo. Daktari wa zamu alisomea vitabu vya Kifaransa, ambamo sukari huandikwa kwa gramu kwa lita, na karibu na 1 ndiyo kawaida. Kwake 2.1 ilikuwa sukari iliyopanda, jambo ambalo ugonjwa mkali huweza kulileta. Akaagiza serumu isiyo na glukozi. Alisoma sawasawa kile nilichomwonyesha.

Kabla ya alfajiri mtoto alishikwa na degedege. Muuguzi akamchoma kidole, glukometa ikaonyesha miligramu 31 kwa desilita. Akamtilia glukozi ya asilimia 10 kwenye mshipa, degedege ikakoma.

Asubuhi muuguzi huyo alinijia na tableti mkono mmoja, glukometa mkono wa pili. “Kaka, hapa sukari imezidi, hapa imekwisha. Mtoto ni yuleyule. Niamini ipi?”

Nilimjibu kwamba huenda vijiti vya glukometa vimeingia unyevu. Nalitaja hili kwa sababu nalo ni kosa: niliitetea programu yangu kabla sijaikagua. Nikaenda labo nikitafuta ushahidi kuwa kiungo cha labo na wodi ni kizima. Daftari lilikuwa wazi mezani. Jina la mtoto, 2.1, na juu ya safu, kwa kalamu ya bluu, mtu wa labo alikuwa ameandika mmol/L akaipigia mistari miwili chini. Milimoli za sukari kwa lita hugeuzwa miligramu kwa desilita kwa kuzidisha kwa 18. Nilizidisha, nikapata karibu 38. Labo na glukometa zilikuwa zinasema jambo moja. Sukari ilikuwa chini tangu jioni, na jibu lilikuwa limefika wodini upesi kuliko karatasi yoyote. Mimi ndiye niliyeliondolea maana njiani. Nilisimama pale na daftari mkononi mpaka mtu wa labo akaniuliza kama naumwa.

Mtoto alikaa saa nyingi za usiku bila sukari aliyoihitaji. Malaria ilipona, lakini alitoka hospitalini mkono wa kulia ukiwa dhaifu. Mama yake alilazimika kukaa naye hospitalini zaidi, wadogo wa mtoto huyo wakiwa Muheto kwa jirani. Nilimweleza daktari, kisha mama, kwamba kosa halikuwa la wodi wala la labo. Mama aliuliza kama wapo watoto wengine waliopatwa na hivyo. Swali hilo lilitupeleka, mimi na mkuu wa labo, kufungua majibu yote ya sukari tangu kiungo kiwashwe, moja baada ya jingine.

Sasa kizio kipo kando ya tarakimu, kwa herufi za ukubwa uleule. Pia natumia LOINC, orodha ya namba za vipimo iliyoanzishwa Indianapolis mwaka 1994. Humo sukari ya damu kwa milimoli ni 15074-8, na kwa uzito ni 2339-0: vipimo viwili mbalimbali, kila kimoja na namba yake. Ningeisoma orodha hiyo kabla ya kuigusa nafasi ya 6, ningeshtuka.

Kama wodi yako hupokea majibu kwenye skrini, fungua leo jibu moja la sukari. Usipoona kizio, mtafute aliyejenga kiungo hicho kabla zamu ya usiku haijaingia.