Kithimani Usiku: Habari za Mizuka na Asili Yake

Msafiri atokaye Thika kwenda Garissa huyaacha nyuma mashamba ya mananasi, huupita mlima wa Ol Doinyo Sabuk, ambao wengi huuita Kilima Mbogo, kisha huingia katika nchi kavu ya Yatta. Kabla ya kufika Matuu hukuta mji mdogo wa biashara kando ya barabara, katika Kaunti ya Machakos. Mji huo ni Kithimani. Jina lake ni la Kikamba, na maana yake ni kisimani, kwa kuwa kithima ni kisima. Katika nchi ya mvua chache, mahali penye maji hapakosi kupewa jina.

Nchi hii ina mambo mawili ya kutazamwa. La kwanza ni uwanda wenyewe wa Yatta, ambao ni mawe yaliyotoka chini ya ardhi yakiwa yameyeyuka kwa moto, yakatiririka kuelekea kusini mashariki mpaka Tsavo, mwendo wa karibu kilometa 300. La pili ni mfereji wa Yatta, uyatoao maji katika mto Thika na kuyaleta mashambani. Mfereji huo ulichimbwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa mikono ya watu waliokuwa kizuizini. Waliouchimba walilazimishwa, nao watumiao maji yake leo hupanda mahindi, nyanya na mboga mahali ambapo zamani palikuwa vichaka vitupu.

Mchana Kithimani ni kama miji mingine ya barabarani. Magari husimama, matunda huuzwa, na watu hugombania nafasi katika matatu. Lakini usiku, mtu aiachapo taa ya duka la mwisho na kushika njia ya shambani, giza humfunika mara moja. Hapo ndipo huanza habari ambazo husimuliwa katika kila kijiji cha Afrika ya Mashariki baada ya chakula cha jioni: habari za mwanamke mweupe asimamaye barabarani, za taa itembeayo peke yake, na za mtoto aliaye mahali pasipo na nyumba. Wasimuliao si waongo, maana wengi wao waliona kweli au walisikia kweli. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: walichokiona kilikuwa nini?

Tuanze na kilio cha mtoto. Katika sehemu nyingi za Kenya, penye miti mikubwa na kando ya mito, hukaa mnyama mdogo aitwaye komba. Hulala mchana na kutembea usiku, na sauti yake yafanana mno na kilio cha mtoto mchanga. Tena macho yake ni makubwa, nayo hung'aa kama makaa yakipigwa na mwanga wa tochi. Mtu asiyemjua, akisikia kilio hicho juu ya mti na kuona macho mawili mekundu, hana lawama akikimbia.

Kitu cheupe kirukacho bila sauti huweza kuwa bundi wa ghalani. Uso wake na tumbo lake ni vyeupe, na manyoya ya mbawa zake yana ncha laini zipunguzazo sauti, hata akipita juu ya kichwa cha mtu hasikiki. Watu wengi humwona kuwa mjumbe wa kifo, wakampiga mawe au wakachoma kiota chake. Kumbe chakula chake kikubwa ni panya. Mkulima auaye bundi kwa hofu ya mizuka humwua mlinzi wa ghala asiyedai mshahara, na mahindi yake huliwa na panya walewale ambao bundi angaliwala.

Ama taa itembeayo, mwenye shamba la kumwagilia atatambua upesi yaweza kuwa nini. Mkulima akienda usiku na taa yake kuyafungulia maji njia, atazamaye toka mbali huona mwanga tu ukipanda na kushuka, wala haoni miguu ya mtu. Macho nayo hudanganya gizani. Sehemu ya katikati ya jicho haioni vema penye giza, bali sehemu ya pembeni ndiyo ionayo kidogo, bila rangi na bila umbo kamili. Basi mtu huona kivuli upande mmoja, na akigeuka kukitazama sawasawa, kivuli hutoweka. Yaliyobaki hutengenezwa na ubongo, ambao hupenda sana kuona sura ya mtu hata penye kisiki.

Barabarani jambo hili ni la hatari zaidi. Dereva atokaye Garissa kwenda Nairobi husafiri zaidi ya kilometa 300. Akichoka, ubongo wake huweza kulala kwa muda wa nukta chache hali macho yake yangali wazi, na ndoto huingia palepale. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kwa kila nukta. Katika nukta tatu limekwisha kupita mita 66 bila mwongozaji. Dereva aonaye mwanamke mweupe mbele ya gari asitafute mganga wa kuitakasa barabara. Na asimamishe gari mahali pa salama, alale.

Wazee wa Ukambani hawakuwa na fikira moja tu juu ya wafu. Waliamini aimu, yaani roho za waliokufa, nao waliwamwagia pombe kidogo na kuwawekea chakula kama jamaa wa nyumbani. John Mbiti, mtaalamu wa dini aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alieleza mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Alisema kwamba mfu akumbukwaye kwa jina huhesabiwa kuwa mmoja wa jamaa, naye aliwaita wafu wa namna hiyo wafu walio hai. Lakini afapo mtu wa mwisho aliyemjua, mfu huyo huwa roho isiyo na jina, na roho za namna hiyo ndizo ziogopwazo. Basi, kwa desturi hiyo, kumkumbuka babu ni jambo moja, na kukiogopa kitu kisichojulikana gizani ni jambo jingine. Anayekichunguza kitu cha gizani hamvunjii babu yake heshima.

Wako watu ambao hawakukutana na kitu njiani, bali kitandani. Mtu huamka usiku, akajua kabisa kwamba yu macho, lakini hawezi kuinua mkono wala kupiga kelele. Huona kitu kimesimama mlangoni, kisha kikamkalia kifuani. Waswahili huliita jambo hili jinamizi. Madaktari wamelichunguza, nao hulieleza hivi. Mtu aotapo ndoto nzito, ubongo huilegeza misuli ya mwili ili asiinuke na kufanya yale ayaotayo. Pengine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa. Basi mtu huwa macho, na ndoto yake ingali inaendelea chumbani. Hali hii hudumu nukta chache au dakika chache, kisha hukoma yenyewe. Huwajia zaidi watu wakosao usingizi na walalao chali.

Wengine husimulia jambo la ajabu zaidi, kwamba walitoka nje ya miili yao, wakajiona toka juu wamelala kitandani, hasa walipokuwa wagonjwa sana. Habari hizi nazo hazifai kudharauliwa. Mwaka 2002 daktari Olaf Blanke na wenzake wa Geneva, katika nchi ya Uswisi, walikuwa wakimtibu mwanamke mwenye kifafa. Walipotia umeme kidogo katika sehemu moja ya ubongo wake, upande wa kulia juu ya sikio, alisema anaelea na kuiona miguu yake toka juu. Umeme ulipoondolewa, hali hiyo ilikoma, uliporudishwa, ilirudi. Mwaka 2007 mtaalamu Henrik Ehrsson alifanya jaribio na watu wazima wasio na ugonjwa wowote. Aliweka kamera nyuma ya mtu na kumvisha miwani ya picha, hata mtu akauona mgongo wake mwenyewe. Kisha kifua chake kiliguswa kwa kijiti, na wakati uleule kijiti kingine kilipelekwa chini ya kamera. Wengi waliona kana kwamba wamekaa pale ilipo kamera, nje ya miili yao. Basi yaonekana kwamba ubongo ndio umpao mtu habari ya mahali alipo, nao huweza kukosea.

Je, yuko aliyetoka kweli akaona jambo ambalo macho yake yasingaliweza kuliona? Daktari Sam Parnia na wenzake walitaka kulijua hilo. Katika hospitali 15 za Uingereza, Marekani na Austria waliweka rafu karibu na dari, na juu yake picha zisizoonekana ila na atazamaye toka juu. Habari zao zilitangazwa mwaka 2014. Watu 2,060 walisimama moyo; waliopona ni 330, na 140 kati yao waliulizwa maswali. Wawili walisema wanakumbuka kuona na kusikia yaliyotendeka, lakini wote wawili walikuwa katika vyumba visivyo na rafu hizo. Hakuna aliyetaja picha hata moja. Jaribio hilo halikuthibitisha kwamba roho hutoka, wala halikumaliza swali, na mtu mwaminifu hana budi kuyasema yote mawili.

Msomaji aweza kuuliza, mkulima wa Kithimani anufaika nini na habari za Geneva? Faida iko karibu sana naye, nayo ni jiko la makaa. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliandika habari za jamaa moja waliohamia katika nyumba ya kale. Usiku walisikia nyayo za watu, wakaona wageni wamesimama kando ya vitanda. Watoto wao walikuwa wamesawijika, na hata mimea iliyokuwa ndani ilinyauka. Mwishowe tanuri ya kutia nyumba joto ilichunguzwa, ikaonekana mbovu, nayo ilikuwa ikimwaga hewa ya sumu vyumbani. Ilipotengenezwa, wageni wa usiku hawakurudi tena.

Hewa hiyo huitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na jiko la makaa huitoa kwa wingi. Katika miezi ya baridi, mwezi Julai hasa, wako watu waingizao jiko chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Kwanza kichwa huuma na mtu huchanganyikiwa. Pengine huona na kusikia yasiyokuwako. Mwisho hufa bila kuamka. Mtu akiwaona wafu katika chumba chenye jiko linalowaka, asikae kufikiri ni nani aliyemtuma. Na afungue dirisha, atoe watu nje kwanza, kisha jiko.

Kadhalika kifafa. Wako watoto ambao huanguka, wakatoka povu, na baadaye wakasema walisikia sauti au waliona mahali pageni. Wazazi huambiwa kwamba mtoto ameingiliwa na pepo, na miaka hupita katika kutangatanga. Lakini Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kwamba watu 7 katika kila 10 wenye kifafa waweza kuishi bila kuanguka tena wakipata dawa zinazofaa. Kila mwaka wa kukawia ni mwaka mmoja ambao mtoto aweza kuanguka motoni au majini.

Tena hofu ikiwashika watu wengi pamoja, hutenda mabaya kuliko mzuka wowote. Mwaka 1995 Pemba na Unguja zilienewa na habari za Popobawa, ambaye yasemekana huwakandamiza watu vitandani wasiweze kujitikisa wala kulia. Msomaji atatambua kwamba habari hizi zafanana sana na za jinamizi. Watu walilala nje usiku, wamezunguka moto. Katika mji wa Zanzibar mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili alidhaniwa kuwa ndiye Popobawa, akauawa na kundi la watu. Popobawa mwenyewe hakukamatwa, lakini mtu huyo alizikwa.

Elimu hii haimlazimishi mtu kuiacha dini yake, wala haisemi kwamba msimulizi ni mwongo. Yataka jambo moja tu, nalo ni kufuata utaratibu katika kuuliza. Kwanza tuulize mnyama, kisha hewa ya chumba, kisha usingizi, kisha ugonjwa. Anayeanza kwa kumtaja jirani au mfu huyaruka yote yanayoweza kupimwa, na mara nyingi asiye na hatia ndiye alipaye.

Kunapopambazuka Kithimani, mti uliotisha usiku huonekana kuwa mti tu, na wanawake huupita wakienda na vikapu vyao sokoni. Kuuliza si ujinga. Waliopapa mahali hapa jina la kisima walijua kwamba kina cha kisima hakijulikani kwa kusimuliwa, bali hupimwa kwa kamba.