Yai Moja kwa Mwaka

Sisi wa Lundo ni watu wa ziwa. Nimekulia kwenye vichanja vya kuanikia usipa, na ndege tuliyemjua kwa sauti na umbo alikuwa furukombe. Tumbusi nilikuja kufundishwa na kazi. Baada ya mafunzo ya askari wanyamapori kule Likuyu Sekamaganga, Namtumbo, nilipangiwa doria katika ushoroba wa Selous na Niassa, ile nchi ya miombo inayopita Namtumbo na Tunduru hadi mto Ruvuma, ambako tembo huvuka kwenda Msumbiji na kurudi.

Mzee niliyeanza naye doria hakutazama nyayo kwanza. Alitazama juu. "Mwanangu," aliniambia, "hawa wameshafika tunakokwenda." Tumbusi wakizunguka mahali pamoja na kushuka mmoja mmoja, chini pana mzoga, na ukiwa wa tembo, huenda aliyempiga bado yu karibu. Taarifa hiyo hatukuipata kwenye redio yoyote.

Majangili nao walilijua hilo. Sensa ya 2013 ilikuta tembo takriban 13,000 katika eneo la Selous, ilhali katikati ya miaka ya 1970 walizidi 100,000. Katika miaka hiyo ya mauaji, sehemu nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika, mizoga ilianza kutiwa sumu ya wadudu wa mashambani, makusudi, ili tumbusi wasiwachongee wauaji kwa askari. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe na simba au fisi naye hutega sumu hiyohiyo. Tumbusi hana ugomvi naye, ila ndiye anayefika kwa makundi. Mwaka 2019 huko Botswana, mizoga mitatu tu ya tembo iliua tumbusi zaidi ya 500.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kufuatilia viota. Tumbusi mgongo-mweupe hujenga juu kabisa ya mti mrefu, mara nyingi kando ya mto, na hutaga yai moja tu kwa mwaka. Dume na jike hulalia kwa zamu karibu siku 56. Kinda hukaa kiotani miezi minne hivi, na hata akishaweza kuruka bado hulishwa na wazazi. Itapita miaka kama mitano kabla naye hajataga. Mzazi mmoja akila sumu, aliyebaki afanye nini? Akienda kutafuta nyama, safari yake ni ya kilomita nyingi mno, na kinda anabaki peke yake juani; akikaa amkinge, wote wawili wanashinda njaa. Nimesimama chini ya viota vya namna hiyo, na inauma. Kideri kikimaliza kuku wa kijiji, mwaka unaofuata banda linaweza kujaa tena. Tumbusi hawana mwaka huo.

Ndiyo maana sikuwahi kuridhika mtu akiniambia, "Mbona wapo wengi?" Ameona kundi kwenye mzoga. Kundi hudanganya, kwa kuwa ndege waliotoka mbali pande zote hukutana hapo. Kiota hakidanganyi. Utafiti wa Darcy Ogada na wenzake ulionesha kuwa aina nane za tumbusi wa Afrika zimepungua kwa wastani wa asilimia 62 ndani ya miaka 30, na mwaka 2015 shirika la IUCN lilimweka mgongo-mweupe katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka.

Nimestaafu, nimerudi Lundo. Wanangu mnaolima na kufuga katika bonde la Ruvuma, nawaomba: msitie sumu kwenye mzoga, hata kama simba amewatia hasara. Na mkikuta tumbusi wamekufa kuzunguka mzoga, msiwaguse, wala msichukue vichwa kwa ajili ya dawa. Toeni taarifa kwa ofisi ya wanyamapori siku hiyohiyo, ili mzoga uteketezwe. Mkingoja kesho, wengine watakuwa wameshashuka.