Katikati Ndiko Kunakopotea

Hebu tuseme umepewa miaka 300 ya kuishi, na akili timamu. Utakumbuka nini? Wengi tunaifikiria kumbukumbu kama ghala: likijaa, gunia jipya linaingia na la zamani linatolewa. Mimi nadhani haitakuwa hivyo, na ushahidi wangu unatoka Usambara.

Chukua Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kilichoanza kuchapwa mwaka 1895 huko Magila, karibu na Muheza. Mbega, mwindaji aliyetoka Nguu akaja kuwa mtawala wa Wasambaa, yumo mzima mzima: meno yake ya juu yaliyotangulia kuota, mbwa wake, simba aliyemuua. Kimweri, aliyefariki mwaka 1862 na ambaye wazee wa wakati ule walimwona kwa macho yao, naye yumo vizuri. Lakini Buge na Kinyashi, waliotawala katikati, wanapita upesi zaidi.

Jan Vansina, mwanahistoria Mbelgiji aliyefanya utafiti Kongo na Rwanda, aliliona jambo hilo katika masimulizi mengi ya mdomo. Watu wanajua asili yao, wanajua ya juzi, katikati pana pengo. Na pengo lenyewe halitulii. Vizazi vikisogea, nalo linasogea. Wanasaikolojia nao wanasema wazee hukumbuka zaidi mambo ya karibuni, na yale ya umri wa kati ya miaka 10 na 30.

Yaani ukoo wa karne mbili na mtu wa miaka 90 wanasahau kwa namna inayofanana. Ndiyo maana sidhani kama miaka 300 ingetutajirisha. Ingerefusha katikati tu.

Hili kwangu si fumbo la kupigia soga barazani. Bibi yangu yuko Pangani, amepita miaka 90. Ujana wake anao wote: safari za kuvuka mto kwenda Bweni, kanga aliyojifunga siku ya harusi, nani alilia na nani alinuna. Anajua pia nani kaposwa wiki iliyopita. Mama yangu alikuwa kitinda mimba wake, alimzaa akiwa na miaka 36. Mama ameshafariki, na mimi nataka kujua alikuwaje alipokuwa na miaka kumi.

"Bibi, mama alikuwa mtundu?"

"Alikuwa mtoto tu, mjukuu wangu. Watoto walikuwa wengi."

Kisha ananirudisha harusini.

Harusi ile imesimuliwa miaka sabini, kama Mbega alivyosimuliwa. Habari za msichana yule hakuna aliyeziuliza, maana mwenyewe alikuwepo. Utoto wake umeangukia pengoni.

Sasa nawatafuta shoga zake wa shule. Mmoja, Tanga mjini, aliniambia mama alikuwa akiruka kamba huku anaimba kwa sauti mbaya kweli. Nikampelekea bibi habari hiyo. Alicheka, akanyamaza kidogo, halafu akanikatalia.

"Sauti yake haikuwa mbaya. Mwaka ule mafua hayakumwacha. Nilimchemshia mchaichai mpaka ukaisha uani."

Hilo la mchaichai hajawahi kunisimulia. Nimeliandika, pamoja na tarehe.