Linux, malaria na uniti za mama

Hapa bwenini naulizwa kila siku kwa nini feni ya laptopu yangu inavuma hata nikiwa sijaigusa. Leo nijibu wote kwa mpigo.

Nje kuna Windows. Ndani yake, kwa kutumia VirtualBox, nimeweka Linux ya kufanyia asaimenti: kompyuta ndani ya kompyuta. Halafu kuna BOINC, programu huria iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hii inachukua nguvu ya prosesa ambayo huitumii na kuwapa watafiti. Hesabu moja kubwa inakatwa vipande, kila kompyuta inapewa chake, ikimaliza inarudisha majibu.

Msidhani ni mambo ya kutafuta viumbe wa angani tu. Mwaka 2006 ulizinduliwa mradi wa Africa@home, na kazi yake ya kwanza ilikuwa MalariaControl.net ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, kule Basel. Ilikokotoa malaria inavyoenea na kipi kingesaidia zaidi: vyandarua, dawa au chanjo. Jaribio la mwanzo la watu 500 tu lilifanya hesabu ambazo kompyuta moja ingezimaliza kwa miaka 150. Na hesabu zile zilitumia takwimu za mbu wa Namawala, Kilombero, hapahapa Bongo! Mradi ulifungwa 2016. Sisi wa Dutumi malaria hatuhadithiwi, kwa hiyo habari hiyo ndiyo iliyonivuta. Siku hizi nakokotoa Rosetta@home, inayochunguza maumbo ya protini.

Sasa ufundi. Wengine huiweka BOINC ndani ya ile Linux. Mimi nasema iweke nje. BOINC ina adabu: inakaa mwisho wa foleni, prosesa ikihitajika inapisha. Lakini ukiiweka ndani, adabu yake inaishia humohumo. Windows haiioni BOINC, inaiona VirtualBox, tena kama programu ya kawaida, inaipa zamu sawa na Word yako. Ikiwa nje inapisha kweli. Ila RAM haina foleni. Yangu ni GB 8. Linux nimeipa 3, na BOINC nimeiruhusu prosesa moja kati ya nne. Kuna pia mpangilio wa kuisimamisha BOINC pale programu nyingine zinapozidi kiwango fulani. Kumbuka Linux yako nayo inahesabiwa humo, usije ukashangaa mbona haikokotoi.

Tatizo kubwa halipo kwenye prosesa, lipo kwenye umeme. Wiki ijayo nakwenda nyumbani Dutumi. Laptopu ikila wati 50 usiku na mchana, siku 30 ni uniti 36. Huku chuoni bili siioni. Kule LUKU ananunua mama, kwa hela ya mihogo.

Jamaa yangu mmoja ananiambia acha ubahili, malaria haijui LUKU. Ni kweli. Lakini kujitolea ni kutoa kilicho chako, na uniti zile si zangu. Kwa hiyo nikiwa Dutumi BOINC itafanya kazi saa ninazosoma tu, wakati laptopu imeshawashwa. Nikilala, nayo ilale.

Haya, na wewe mwenzangu, uniti zako ananunua nani?